Siku Niliyopandisha Toleo

Nakumbuka Jumatano moja ya mwezi wa pili, mwanangu, mvua imekatika asubuhi na ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kahawa, nilipomwona Mzee Kibona akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Alikuwa mkuu wa maabara ya hospitali yetu, Mndali wa Ileje, mtu mzima aliyetembea polepole na kuongea polepole zaidi, akivuta mwisho wa neno kama wavutavyo watu wa kwao. Siku hiyo alikimbia kwenye korido ya chumba cha upasuaji, akimfuata muuguzi aliyebeba kiboksi cha damu. Na sababu ya kukimbia kwake nilikuwa mimi.

Nitakusimulia tangu mwanzo, hata yale yanayonitia aibu. Siku hizi nina miaka hamsini, na katika kazi hii ya kompyuta mtu wa miaka hamsini ni bibi. Bibi hana sababu ya kujipamba.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Wakati huo bado tulihesabiwa mkoa wa Mbeya, Songwe haijawa mkoa. Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Mbozi, jina lake nalihifadhi kwa sababu waliokuwa pale hawakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wao wa kompyuta, peke yangu, na kompyuta zote zilitegemea seva moja iliyokaa kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa. Seva ile ilitumia mfumo huria, yaani ule ambao watu wa nchi mbalimbali wameuandika kwa kusaidiana na kuuacha wazi, yeyote auchukue, ausome, aubadilishe. Hata programu ya benki ya damu ilikuwa ya aina hiyo. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa chuo huko ng'ambo, anaifanyia kazi siku zake za mapumziko, bila mshahara. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini mimi wakati ule sikuwafikiria waundaji. Nilijifikiria mimi niliyejua kuvitumia.

Nilisifiwa mno, mwanangu. Madaktari walisema, "Tumaini akiwepo hakuna kinachoharibika." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miezi sita kabla ya siku ninayokusimulia, niliwashawishi wakuu kwamba kuandika damu kwenye daftari na kwenye kompyuta ni kupoteza muda. Daftari likaondolewa. Mzee Kibona alisema neno moja tu kwenye kikao kile. "Sawa, binti. Ila tukitupa fimbo, tuwe tumeshajua kutembea." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Basi, Jumatatu ya wiki ile nilirudi kutoka Tunduma. Hospitali kwetu mtandao ulikuwa wa kukatika, kwa hiyo kila toleo jipya la mfumo nilikwenda kulichukua kwenye mkahawa mmoja wa intaneti karibu na mpaka, ambako mtandao ulikuwa na nguvu. Nilikaa pale tangu asubuhi, malori yamejipanga nje hadi macho yanapoishia, nikashusha toleo jipya na kulichoma kwenye sidii. Pamoja na toleo yalikuja maelezo yake, kurasa nyingi, yanayosema nini kimebadilika. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Ulisema toleo hili lina kasi zaidi na limeziba matundu ya usalama. Nikatosheka, nikapanda basi.

Jumatatu hiyo hiyo mchana nikapandisha toleo kwenye seva. Seva ikawaka vizuri. Nikafungua programu ya wagonjwa, ikafunguka. Nikafungua ya dawa, ikafunguka. Nikafungua ya damu, ikafunguka pia, na orodha ikajaa kwenye kioo. Nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba kila kitu kinafanya kazi. Kilichofunguka si lazima kiwe kinafanya kazi, mwanangu, lakini hilo sikulijua bado.

Sasa nikueleze hiyo programu ya damu kwa urahisi. Kila mfuko wa damu ulikuwa na namba yake, yenye herufi mbili za mahali ilipotolewa, kistari, kisha tarakimu. Mfuko ukipimwa na kukutwa na ugonjwa, tuliuwekea zuio. Mtu wa maabara akiandika namba yake, kioo kinakuwa chekundu, usitumike. Usipokuwa na zuio, kinaandika "Hakuna zuio". Kwa desturi mifuko yenye zuio ilikaa kwenye friji ndogo ya peke yake, ikisubiri siku ya kuteketezwa. Ila mwezi ule friji ndogo ilikuwa imekufa, fundi wake hajafika, na mifuko yote ikawekwa kwenye friji moja, yenye zuio rafu ya chini. Tulikubaliana kwamba hata mtu akikosea rafu, kompyuta itamwonya. Wote tuliikubali kompyuta. Na kompyuta ilikuwa mikononi mwangu.

Jumatano saa tatu asubuhi akaletwa mama mjamzito kutoka Ikinga, kule Ileje. Jina lake Atupele, miaka ishirini na miwili, uzazi wa kwanza. Walikuwa wamembeba kwa pikipiki, kisha kwa gari la mtu wa mahindi, kwa barabara ya tope. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akalia kwa nguvu. Lakini mama akaanza kutoka damu, na damu haikukoma. Daktari Nzunda, aliyekuwa zamu, akaagiza mifuko miwili haraka na kumpeleka chumba cha upasuaji.

Mtaalamu wa maabara aliyekuwa zamu alikuwa kijana makini. Akachukua mifuko miwili ya kundi la damu la Atupele kutoka kwenye friji iliyojaa hata rafu hazitambuliki vizuri, akailinganisha na damu ya mgonjwa, ikakubaliana. Akaandika namba zake kwenye kompyuta. Ya kwanza, hakuna zuio. Ya pili, hakuna zuio. Akaiweka kwenye kiboksi, muuguzi akaondoka nacho.

Mimi nilikuwa hapo maabara, nimeinama nyuma ya meza nikibadilisha waya wa printa. Mzee Kibona akaingia, akauliza damu gani imetoka, akasomewa namba. Akasimama.

"Rudia hiyo ya pili," akasema.

Ikarudiwa.

"Iandike tena kwenye kompyuta."

Kijana akaandika. Hakuna zuio.

Ndipo alipokimbia.

Baadaye alinieleza. Mfuko ule ulitolewa na mtu aliyekuja kuchangia damu kwa moyo wake mwema, akakutwa na homa ya ini bila mwenyewe kujua. Mzee Kibona ndiye aliyemwita pembeni kumpa majibu, akaandika kwa mkono wake barua ya kumpeleka hospitali kubwa, na kwenye barua ile aliandika namba ya mfuko. Namba ilimkaa kichwani kwa sababu uso wa mtu yule ulimkaa kichwani. Mwanangu, pale hatukuokolewa na akili yoyote yangu. Tuliokolewa na mzee mmoja aliyewakumbuka watu.

Alimkuta muuguzi ameshafika mlangoni. Akarudi na kiboksi kifuani kama aliyebeba mtoto, akakiweka mezani, kisha akanigeukia. Sauti haikupanda.

"Tumaini, mfuko huu nimeuwekea zuio mimi mwenyewe. Kompyuta inasema hauna. Mingine je?"

Nilikaa kwenye kiti. Nikaandika namba ya mfuko mwingine niliojua una zuio. Hakuna zuio. Mwingine. Hakuna zuio. Wa nne kioo kikawa chekundu, na huo ndio ulionitisha zaidi kuliko yote. Kama ingekosea yote ningejua imekufa. Ilikuwa inasema kweli mara nyingine na uongo mara nyingine, na sura yake ni ile ile.

"Sijui," nikasema. "Mzee, sijui upi ni wa kweli."

Daktari Nzunda akatuma mtu. Damu iko wapi? Dakika tano baadaye akatuma tena. Mzee Kibona akamjibu kwamba hakuna mfuko hata mmoja wa kuaminika mpaka upimwe upya kwa mkono. Akatoa mifuko yote ya kundi lile, saba, akaipanga mezani. Akaniambia nishike karatasi na kalamu nisome namba kwa sauti, yeye na kijana wakipima. Vipimo vile vya haraka vinahitaji muda wa kusubiri, huwezi kuvisukuma. Unadondosha, unaweka saa, unatazama mstari ujitokeze au usijitokeze. Nilisikia mtoto akilia wodi ya wazazi. Nilisikia viatu vya muuguzi vikija tena, kuuliza mara ya tatu. Niliandika namba moja mara mbili, nikaikata, nikaikosea tena, Mzee Kibona akanipokonya kalamu taratibu na kuandika yeye.

Dakika thelathini na tano zilipita kabla mifuko miwili haijatoka. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani na ninazijua mpaka leo.

Atupele alipona. Nakuambia mapema usije ukakaa roho mkononi bure. Lakini damu ilipochelewa, Daktari Nzunda hakuweza kuendelea kusubiri na kumjaribia dawa. Alimtoa kizazi ili kuzuia damu isiendelee kumtoka. Jioni nilimfuata daktari, nikamuuliza kama damu ingefika mapema isingetokea hivyo. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Akasema, "Huenda ningemtoa hata hivyo. Huenda la. Sitakudanganya, Tumaini, sijui." Hilo "sijui" ndilo nililobaki nalo.

Usiku sikulala, na kesho yake nikaanza kutafuta kilichotokea. Safari hii nilisoma maelezo ya toleo mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu palikuwa na mistari miwili. Ilisema utaratibu wa kupanga maneno kwa alfabeti umerekebishwa, kwa hiyo vistari na alama nyingine sasa vinahesabiwa tofauti, na mwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za kompyuta, aijenge upya faharasa yake, ile orodha ya kutafutia. Basi. Mistari miwili.

Chukua mfano wa daftari la shule. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na mwalimu anayajua. Anayemtafuta Siame anakwenda moja kwa moja kurasa za nyuma. Sasa usiku mmoja mtu anabadilisha mpangilio wa herufi kichwani mwa mwalimu, lakini daftari halijapangwa upya. Asubuhi mwalimu anamtafuta Siame mahali anapodhani yupo, hamwoni, anasema mtoto huyo hayupo shuleni. Mtoto yupo, amekaa kwenye dawati. Hivyo ndivyo mazuio yetu yalivyokuwepo na wakati huo huo yasionekane.

Nilichapisha ile mistari miwili, nikaenda nayo kwa Mzee Kibona kama mtu aliyepata shahidi. Nikamwambia, "Mzee, si sisi. Waliotengeneza mfumo ndio waliobadilisha. Hawakupaswa kubadilisha kitu kilichokuwa kinafanya kazi."

Aliisoma karatasi polepole, akairudisha.

"Walikuambia?"

"Wameandika, ndiyo, lakini kwa ndani sana."

"Na aliyeandika programu ya damu?"

"Yeye naye angejua kwamba mpangilio unaweza kubadilika. Angeweka kinga."

"Sawa. Hao wote wana sehemu yao, waandikie, waambie. Lakini nikuulize, binti yangu. Yupo kati yao anayejua kwamba friji yetu ndogo imekufa? Yupo anayejua kwamba daftari tuliliondoa? Yupo anayeijua njia ya kutoka Ikinga mvua ikinyesha?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Wewe ulijua yote matatu," akasema. "Ndiyo maana ulipewa wewe funguo za kile chumba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu si wa mwenzio. Kawaandikie. Ukimaliza, nenda wodini ukamweleze Atupele, kwa mdomo wako, usinitume mimi."

Niliandika. Na majibu yakaja, mwanangu, nayo yalinifundisha kuliko masomo yangu yote. Watu wa mfumo walijibu kwa heshima kwamba hawakuwahi kuahidi popote kwamba mpangilio wa alfabeti hautabadilika, na wa zamani ulikuwa na makosa kwa lugha za watu wengine. Ni kweli. Watu wa hifadhidata wakasema wao hufuata mpangilio wanaopewa na mfumo. Ni kweli. Leseni, nilipoisoma, ilisema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ni kweli pia. Kwa siku kadhaa wakabishana wenyewe kwa wenyewe kwenye jukwaa lao la mtandaoni, kila mmoja akionyesha ulipoishia mpaka wa shamba lake. Wote walikuwa na haki, na Atupele hana kizazi.

Yule mwalimu wa chuo peke yake ndiye aliyeandika tofauti. Aliandika, "Sikufikiria hili. Pole sana. Nisaidie kulirekebisha."

Kabla sijamjibu nilikwenda wodini. Atupele alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani, mama yake kwenye stuli akimenya viazi. Nilijitambulisha. Nikaeleza kwa maneno niliyoweza, kwamba kompyuta ilitakiwa kutuonya, haikuonya, na kwa sababu hiyo damu yake ilichelewa. Nikasema mimi ndiye niliyebadilisha toleo na sikuangalia.

Mama yake aliacha kumenya. Atupele ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo mashine ilijua, ikasahau?"

"Haikusahau, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyebadilisha njia ya kutafuta, nisihakikishe kama inafika."

"Na hao walioitengeneza?"

"Walibadilisha kidogo, wakatoa taarifa. Sikuisoma."

Akamfunika mtoto vizuri. Akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuja kunieleza chochote. Asante." Kisha, bila ukali, "Sasa toka kidogo, Dada, ninyonyeshe."

Nilitoka. Sikusamehewa, wala sikufukuzwa. Nimeishi na hali hiyo, na nadhani ni haki yangu.

Wakuu wa hospitali walinipa onyo la maandishi, na mimi mwenyewe niliomba daftari lirudi. Nikakaa na yule mwalimu wa chuo, yeye kule mimi huku, barua kwa barua, tukaandika sehemu mpya kwenye programu. Kila inapowaka, kwanza inajaribu mpangilio wa alfabeti iliouzoea. Ikikuta umebadilika, inakataa kufunguka na inasema kwa Kiswahili sababu yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sehemu ile ikaingia kwenye toleo la wote, ikaenda kwa hospitali nisizozijua, na hapo ndipo nilipoelewa neno huria. Kumbe nami nilikuwa mmoja wa waundaji tangu mwanzo, ila nilikuwa nakaa barazani kama mgeni nikisubiri kuandaliwa.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, wewe uliyepewa funguo za seva ya watu, iwe ya hospitali, ya shule, au ya ofisi ya mizigo pale mpakani.

Utaulizwa, toleo likipanda na kitu kikavunjika, nani mwenye jukumu? Usimwamini anayekupa jina moja upesi. Anayeubadilisha mfumo ana deni la kusema wazi amebadilisha nini, tena kwa sauti inayolingana na madhara yake, si kwa mistari miwili ukurasa wa kumi na kitu. Wapo wanaotunza kiini cha mfumo ambao kwao ni mwiko kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi juu yake, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini mwiko wao unaishia kwenye kiini, hauvifuniki vyote vilivyojengwa pembeni, na ni juu yako kujua unaishia wapi. Anayeandika programu juu ya mfumo ajue anaegemea nini, na kama alichoegemea ni ahadi au ni mazoea tu. Hao waandikie, wadai, bishana nao kwa adabu, maana usipowaambia hawatajua.

Ila wewe uliye mwisho wa mnyororo ndiye unayewaona watu wanaolala kitandani. Jaribu toleo jipya kwenye nakala ya seva kabla ya kuigusa seva yenyewe, na usijaribu kama linafunguka tu, jaribu kama linasema kweli. Tafuta kitu unachojua kipo, uone kama linakipata. Soma maelezo mpaka mstari wa mwisho, hata macho yakiuma. Waambie wanaotumia mashine siku utakayobadilisha, wawe macho, na uwe na njia ya kurudi nyuma. Wala usije ukaogopa ukaacha seva bila kuisasisha miaka na miaka, ukadhani ndiyo busara. Tundu lisilozibwa nalo huingiza nyoka.

Na likikushinda, likaumiza mtu, usitume karatasi ikuombee. Nenda mwenyewe. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye hulelewa akawa mtu.

Mungu akupe macho ya kusoma yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, na moyo wa kuwakumbuka watu kwa nyuso zao. Akuweke karibu na wazee watakaokuuliza maswali magumu ungali na nafasi ya kuyajibu. Kazi ya mikono yako iwafikie wagonjwa na wazima, na wote walale salama kwa sababu ulihakikisha. Amina, mwanangu.